Simulatere na kazi: namna ya kupima kama formasyo ya ku ordinatere inamusaidia kweli kijana

Ku Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi, vijana wengi wanatafuta kazi ya kuendesha mashini kubwa za mine: kamyo ya kubeba mawe, buldozeri, mashini ya kuchimba. Lakini wakifika ku mulango wa kampuni, wanakuta ulizo lile lile: «Uko na miaka ngapi ya kazi?» Kijana hana uzoefu kwa sababu hakuna mutu aliyemupa mashini, na hakuna mutu anayemupa mashini kwa sababu hana uzoefu.

Hapo ndipo simulatere inaingia. Ni kiti, volan, pedale na ekra zenye kuunganishwa na ordinatere, ambazo zinaiga kazi ya mashini ya kweli. Muzazi anauza mbuzi, anachukua zamu yake ya likelemba, ao anauza kipande cha parsele, akitumaini kwamba kisha wiki chache mutoto wake atakuwa na kazi.

Je, ile feza inazaa kitu? Makala hii haisemi kama kituo fulani ni kizuri ao kibaya. Inaeleza namna formasyo kama hiyo inapimwa, ili muzazi, kijana, mwalimu na patroni wasidanganywe na point zenye kuonekana ku ekra.

Simulatere ilitoka wapi?

Wazo hili haliko la jana. Mwaka wa 1929, huko Binghamton katika jimbo la New York, Edwin Link, mutoto wa mutengenezaji wa vinanda, alitengeneza ndege ndogo ya kuigiza ambayo haikuruka. Ilikaa chini, ikainama na kugeuka kwa nguvu ya upepo, sawa vile kinanda kinavyofanya kazi. Kwa miaka michache watu waliiona kuwa muchezo wa sikukuu.

Mwaka wa 1934 mambo yakabadilika. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na katika wiki chache marubani wengi wakakufa, kwa sehemu kubwa kwa sababu hawakuzoea kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa. Jeshi likanunua mashini 6 za Link ili wajifunze kuongoza ndege kwa kuangalia saa na vipimo tu, bila kuona inje.

Hadithi hii iko na somo. Mashini ya Link ilinunuliwa ili kujaza pengo moja lenye kujulikana: kuruka bila kuona. Kila simulatere inaomba kuulizwa vilevile: inajaza pengo gani?

Ku mine, pengo linaonekana. Kamyo ya Caterpillar 777 inabeba karibu tani 90 za mawe. Kumuachia mwanafunzi wa siku ya kwanza mashini ya namna hiyo ni hatari kwa maisha yake na ya wenzake, na saa moja ya kuisimamisha inapotezea kampuni feza nyingi. Ndiyo sababu watengenezaji wenyewe wameingia katika biashara hii. Mwaka wa 1919 mambo haya hayakuwako. Lakini mwaka wa 2019 Komatsu ilinunua Immersive Technologies, kampuni ya Australia yenye kutengeneza simulatere za mine.

Inafundisha nini, na nini haiwezi kufundisha?

Simulatere nzuri inafundisha mambo ya kufuatana: kukagua mashini mbele ya kuwasha, kufunga mukaba, kuangalia vioo, kupiga honi kulingana na sheria ya mahali, kujipanga vizuri pembeni ya mashini ya kuchimba, kushuka mulima kwa gia yenye kufaa. Inaweza pia kuonyesha hatari ambayo hakuna mwalimu atakayeitafuta kwa makusudi: breki yenye kukataa, moto ndani ya motere, gurudumu kupasuka. Mwanafunzi anakosea, anarudilia, na hakuna mutu anayeumia.

Lakini kuko mambo ambayo ekra haitoi vizuri. Vumbi ya mwezi wa nane. Matope ya barabara za karyeri wakati wa mvua. Usingizi wa saa kumi za usiku. Kelele ya redio ya kazi, watu watatu wakisema kwa pamoja, mumoja Kifaransa, mwengine Kiswahili, mwengine Kiingereza. Na zaidi ya yote, woga. Mutu anayejua kwamba akigonga ukuta atabonyeza tu kitufe na kuanza upya, anaweza kuzoea mwendo mubaya. Wataalamu wanaita jambo hilo mazoezi yenye kurudisha nyuma: mutu anafika ku mashini ya kweli akiwa na tabia ambayo inaomba kwanza kuondolewa.

Tena simulatere haziko za namna moja. Ingine iko na kiti chenye kutingisika, pedale za mashini yenyewe na mwalimu anayefuata kila kitendo. Ingine ni volan ya muchezo wa watoto juu ya meza. Zote mbili zinaitwa simulatere katika matangazo.

Ngazi nne za kupima

Mwaka wa 1959, Donald Kirkpatrick, mwalimu wa chuo kikuu cha Wisconsin, aliandika juu ya ngazi nne za kupima formasyo. Mupaka leo watu wanazitumia, kwa sababu zinaeleweka.

Ngazi ya kwanza ni furaha: wanafunzi walipenda masomo? Ya pili ni kujifunza: wanajua kitu ambacho hawakujua? Ya tatu ni tabia: wakifika ku kazi, wanafanya vile walivyofundishwa? Ya ine ni matokeo: kuko nini kilichobadilika? Kwa mutu mwenye kutafuta kazi, matokeo ni kazi, mushahara, na kurudi nyumbani muzima.

Vituo vingi vinatangaza ngazi mbili za kwanza. «Wanafunzi wetu wote walifurahi.» «Wanafunzi wetu walipata point 85 kwa 100.» Hizo ni habari, lakini ni habari za ndani ya chumba. Point 85 ku ekra zinaonyesha kwamba mutu amezoea ekra. Kama hakuna mutu aliyemupima tena ku mashini ya kweli, hatujui bado kama anaweza kuiendesha.

Saa moja ya ekra ni sawa na nini?

Mwaka wa 1971, Stanley Roscoe, mutaalamu wa Marekani katika mambo ya marubani, alieleza hesabu moja rahisi. Unauliza: simulatere imepunguza saa ngapi za mafunzo ku mashini ya kweli?

Tuchukue mufano wa hesabu tu. Tuseme mwanafunzi asiyetumia simulatere anaomba saa 40 ku kamyo mbele ya kukubaliwa. Mwengine anafanya kwanza saa 10 ku simulatere, kisha anaomba saa 32 tu. Saa 10 za ekra zimeokoa saa 8 za kamyo. Gawanya 8 kwa 10: kila saa ya ekra imeokoa 0,8 ya saa ya kweli. Hiyo ni nzuri sana, kwa sababu saa ya kamyo inakula mazuti na saa ya ekra inakula umeme kidogo.

Sasa mwanafunzi wa tatu anafanya saa 20 ku simulatere, na anaomba saa 29 ku kamyo. Saa 10 za pili zimeokoa saa 3 tu. Ndilo jambo Roscoe alilotaka watu waone: saa za kwanza zinasaidia sana, zile za kisha zinasaidia kidogo, na mwisho hazisaidie tena. Kwa hiyo kituo chenye kusema «tunatoa saa 100 za simulatere» hakijasema bado kitu. Kama ndani ya hizo saa hakuna hata moja ya mashini ya kweli, mwanafunzi analipia saa ambazo hazimuongezee chochote.

Kuko utafiti ambao unaonyesha jambo hilo kwa wenye kuanza kazi. Huko Marekani, watafiti wa Virginia Tech walifuata wanafunzi wa udereva wa kamyo kubwa kwa ajili ya ofisi ya serikali yenye kusimamia usalama wa kamyo. Ripoti ilitoka mwaka wa 2011. Kundi moja lilijifunza ku kamyo za kweli. Kundi lingine lilifanya sehemu kubwa ya saa zao za kuendesha ndani ya simulatere. Katika mutihani wa permi, makundi hayo mawili hayakuachana. Hiyo ni habari njema kwa simulatere. Lakini angalia vizuri: wale wa simulatere walikuwa pia na saa za kamyo ya kweli, walikuwa na walimu, na formasyo yao ilikuwa ya wiki nyingi. Simulatere ilichukua nafasi ya sehemu ya saa, haikuchukua nafasi ya kamyo.

Angepata kazi hata bila formasyo?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kituo kinasema: «Nusu ya wanafunzi wetu walipata kazi.» Inasikika vizuri. Lakini nani anayelipa formasyo ya bei ya juu? Mara nyingi ni kijana mwenye diploma, mwenye permi, mwenye mujomba ku kampuni. Yule angeweza kupata kazi hata bila kuona simulatere.

Njia ya kujua ni kulinganisha. Tuseme watu 80 wenye kufanana wameomba nafasi 40, na nafasi zinatolewa kwa kura, mbele ya watu wote. Kisha mwaka moja, kati ya 40 waliofundishwa, 20 wako na kazi. Kati ya 40 ambao kura haikuwaangukia, 16 wako na kazi. Kwa hiyo formasyo haikutoa kazi 20. Iliongeza kazi 4. Kama bei ilikuwa dola 600 kwa mutu, jumla ni dola 24 000, na kila kazi iliyoongezeka iligharimu dola 6 000. Hesabu ile ile, lakini maana yake ni ingine kabisa.

Mwaka wa 1986, mwanauchumi Robert LaLonde alionyesha kwamba mambo haya si mabishano ya walimu tu. Alichukua programu ya kazi ya Marekani ambayo ilikuwa imepimwa kwa kura, akaipima tena kwa njia za kulinganisha bila kura. Majibu yakaachana sana. Tangu wakati huo, watafiti wengi wa mambo ya kazi wanaomba kura kila mara inapowezekana.

Kuko mitego mingine miwili. Wa kwanza: kituo kinapigia simu wanafunzi wa zamani, na kinahesabu wale waliojibu tu. Mwenye kazi anajibu kwa furaha. Asiye na kazi amebadilisha namba ao anaona haya. Wa pili: kampuni iko na nafasi 20, na formasyo inafundisha watu 200. Hata wakifundishwa vizuri namna gani, nafasi zinabaki 20. Formasyo itakuwa imebadilisha tu nani anasimama mbele ku foleni.

Majirani wameona nini?

Uganda, watafiti walifuata vijana kwa miaka kadhaa, na matokeo yalitoka mwaka wa 2020. Kundi moja lilipelekwa ku shule za ufundi, lingine lilifundishwa na mapatroni ku mahali pa kazi. Njia zote mbili ziliongeza kazi. Lakini wale wa shule ya ufundi walipoacha ao kupoteza kazi, walirudilia kazi ingine haraka zaidi, kwa sababu walikuwa na ujuzi wenye kujulikana na karatasi ambayo patroni mwengine aliweza kuamini. Ujuzi ambao patroni mumoja tu anaujua unabakia kwa patroni huyo.

Rwanda, programu yenye kuitwa Huguka Dukore, iliyolipiwa na USAID, ilikuwa inatayarisha vijana kwa kazi na biashara ndogo. Watafiti walifanya jambo ambalo si la kawaida: waliilinganisha na kuwapa vijana wengine feza taslimu ya bei yenye kukaribiana. Formasyo iliongeza ujuzi wa biashara. Lakini katika mambo mengi ya mapato na mali, feza taslimu ilisaidia zaidi. Haimaanishe kwamba formasyo ni bure. Inamaanisha kwamba muzazi mwenye dola mia kadhaa anapaswa kuuliza pia: ile feza ingefanya nini kwingine?

Karatasi ya nani?

Kwetu Congo, INPP, chuo cha serikali cha kutayarisha wafanyakazi, kiliundwa mwaka wa 1964, na ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, mwaka wa 2002. Kijana anaweza kujiandikisha ku ONEM kama mutafuta kazi, na kuuliza ku INPP ya jimbo lake formasyo gani ziko na karatasi gani inatolewa. Ni vizuri kufanya hivyo mbele ya kulipa mahali pengine popote, hata kama ni ili tu kulinganisha bei na saa.

Karatasi ya simulatere haiko permi. Tena, mara nyingi kampuni inapima mutu upya, hata mwenye karatasi tatu, mbele ya kumupa mashini yake. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaruhusu kipindi cha majaribio, na inaomba kiandikwe: kisipite mwezi 1 kwa kazi isiyoomba ufundi, na kisipite miezi 6 kwa kazi zingine. Kwa patroni, kipindi hicho ndicho kipimo cha kweli cha formasyo. Kama angeandika waliotoka kituo gani wanabakia kisha majaribio, na waliotoka kituo gani wanarudishwa, angejua zaidi kuliko tangazo lolote.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kulipa

1. Simulatere ni ya mashini gani, na kampuni za hapa zinatumia mashini hiyo?
2. Nitafanya saa ngapi ku simulatere, na saa ngapi ku mashini ya kweli? Saa hizo zitaandikwa ku karatasi?
3. Tutakuwa watu wangapi kwa simulatere moja? Kama ni watu 15 kwa saa 3, kila mutu anapata dakika 12.
4. Umeme ukikatika, saa zilizopotea zinarudishwa?
5. Mwalimu mwenyewe aliendesha mashini ku mine? Wapi, na kwa miaka ngapi?
6. Nani ananipima mwisho: mwalimu yule yule, ao mutu mwengine ambaye hafaidike kama ninafaulu?
7. Kundi la mwaka uliopita lilikuwa na watu wangapi, na wangapi kati ya wote, si kati ya waliojibu simu, wako na kazi ya mashini leo?
8. Kati ya wasichana, wangapi walimaliza na wangapi walipata kazi?
9. Ninaweza kuzungumuza na wanafunzi wawili wa zamani ambao ninachagua mimi mwenyewe?
10. Kuko kampuni yenye kukubali karatasi hii? Ninaweza kuuliza huko mimi mwenyewe?

Ulizo la 8 si la kujaza nafasi. Simulatere haiulize mutu ni wa jinsia gani, na kwa musichana ambaye hakuna kaka ao mujomba aliyemupa volan, inaweza kuwa mara ya kwanza kabisa ya kufanya mazoezi bila kuchekwa. Lakini kama wasichana wanapata point nzuri ku ekra na bado hawaitwe ku kazi, shida haiko tena ku formasyo, iko ku mulango wa kampuni. Bila kuhesabu kando, hatuwezi kujua.

Kituo chenye kufanya kazi vizuri hakitakasirikia maulizo haya. Kitatoa kaye cha wanafunzi, kitaonyesha saa, kitakubali uende kuzungumuza na waliomaliza. Kama jibu la kila ulizo ni «lipa kwanza, utaona», basi chukua muda, rudi nyumbani, uliza kwingine. Mashini za mine zitakuwako bado mwezi ujao, lakini parsele ikiisha kuuzwa hairudi.